Geti au Mlango? Jinsi Tulivyochagua Kinga ya Kompyuta ya Nyumbani

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo walivyonena wahenga wetu, na sote tumeukariri msemo huo tangu shule ya msingi. Lakini wahenga hao hawakuwahi kuulizwa swali nililoulizwa mimi likizo ya Agosti iliyopita, nalo ni hili: ukishakata shauri kujenga ukuta, uujenge wapi? Kwenye geti la boma au kwenye mlango wa nyumba?

Najua wengi wenu mmezoea kupata hapa visa vya majambazi na mikasa ya mapenzi. Mwaka huu naomba mnivumilie, kwa maana nina kisa cha wezi wa aina nyingine, wale wasiovunja dirisha wala kubweka kwa mbwa hakuwatishi. Ninazungumzia wezi wa mtandaoni, na kile kitu kiitwacho fayawoli ambacho kazi yake ni kuwazuia.

Mama yangu ni mhazini wa chama cha akina mama kumi na wanne mtaani kwetu, mjini Nakuru. Kila mwezi kila mmoja huchanga shilingi 3,000, na jumla hiyo ya 42,000 hupewa mwenye zamu. Isitoshe, wana mfuko mwingine wa kukopeshana. Zamani hesabu zote zilikaa katika daftari kubwa lenye jalada jeusi. Miaka mitatu iliyopita zilihamia katika kipakatalishi chetu cha nyumbani. Humo mna majina ya wanachama, nambari zao za vitambulisho, nambari za simu na deni la kila mmoja hadi shilingi ya mwisho.

Basi mwezi wa Julai habari zilienea sokoni kwamba chama kingine, cha mtaa wa jirani, kimepoteza vitabu vyake. Mhazini wao aliwasha kompyuta asubuhi akakuta faili zote zimefungwa, na kwenye kioo kuna maandishi yanayomtaka alipe kikombozi ndipo azifunguliwe. Hakuwa na nakala mahali pengine popote. Sasa nani alikuwa anadaiwa ngapi? Waliokopa ghafla walisahau, na waliokopesha wakakumbuka zaidi ya walichotoa. Wanawake waliopikiana uji wa uzazi kwa miaka kumi walianza kupitana njiani bila salamu.

Akina mama wa chama chetu waliposikia hayo waliingiwa na baridi. Katika mkutano wao mmoja alisema kuna kifaa kinaitwa fayawoli, kinauzwa duka moja mjini kwa shilingi 38,000, na muuzaji amemwambia kwamba asiye nacho ni kama analala mlango wazi. Mwingine akaruka juu akasema kijana wake wa chuo kikuu humwambia kila siku kwamba fayawoli ni ya bure, imo ndani ya Windows, na huyo muuzaji anataka kuwala pesa. Mabishano yakapamba moto. Pesa za kununulia kifaa hicho zingetoka wapi? Katika mchango wa Septemba. Na mwenye zamu ya Septemba alikuwa akiungoja mchango huo kama mkulima aingojavyo mvua, ili alipe karo ya binti yake aliyekuwa ametumwa nyumbani.

Jioni hiyo Mama alinikuta nikichambua mboga.

"Mwanangu, si wewe unasoma masomo ya kompyuta huko shuleni?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi una wiki mbili. Uje uniambie tununue au tusinunue. Na usiniletee Kizungu cha vitabuni. Wale ni wenzangu, wataniuliza maswali na lazima niwajibu."

Baba aliinua macho kutoka kwenye gazeti lake akacheka. "Haya! Leo ndio tutajua kama karo ninayolipa inafanya kazi."

Nilianza na neno lenyewe. Waingereza walilitoa katika ujenzi, ambako ni jina la ukuta unaowekwa kati ya nyumba na nyumba ili moja ikiungua, moto usirukie ya pili. Ndiyo maana wapo wanaoiita ukuta wa moto. Mimi nitaiita fayawoli hadi wanachama wa jarida hili wanipe neno tamu zaidi. Katika kompyuta, kinachozuiwa ni pakiti, yaani vile vipande vidogo vidogo vya habari ambavyo kila barua, picha au video hukatwakatwa ili ipite mtandaoni. Kila pakiti ina anwani ya itokako, anwani ya iendako, na nambari ya mlango inaotaka kugonga. Kompyuta moja ina milango ya namna hiyo zaidi ya 65,000. Fayawoli ni bawabu aliyepewa orodha: huyu apite, yule arudi. Kanuni yake kuu ni nyepesi kabisa. Ukituma ombi nje, jibu lake huruhusiwa kuingia. Pakiti inayokuja bila kuitwa na mtu hufungiwa nje.

Sasa bawabu huyu anaweza kusimama mahali pawili. Anaweza kuwa ndani ya kifaa cha pekee kilicho kati ya nyumba nzima na mtandao. Hapo ni kama askari wa geti, anamlinda kila aliyemo bomani: kompyuta, simu, runinga, hata printa. Au anaweza kuwa programu ndani ya kompyuta moja, kama komeo la mlango wa chumba. Jambo lililonishangaza ni kwamba hata kifaa hicho cha geti, ukikifungua, utakuta ni kompyuta ndogo inayoendesha programu. Kwa hivyo tofauti kubwa iko mahali pa kusimama, wala si chuma na plastiki.

Nikajiuliza, kama ni suala la mahali, je, yametokea matukio yanayoonyesha mahali papi ni bora? Yapo, tena ya kusisimua kuliko sinema.

La kwanza ni la mwaka 2003. Wakati huo kompyuta nyingi duniani zilikuwa zikitumia Windows XP, iliyotoka mwaka 2001. Ndani yake mlikuwa na fayawoli, lakini ilikuja ikiwa imezimwa, kama nyumba mpya yenye kufuli iliyotundikwa bila kufungwa. Tarehe 11 Agosti 2003 akazuka mnyoo aliyeitwa Blaster. Mnyoo, katika lugha ya kompyuta, ni programu hasidi inayojisambaza yenyewe kutoka mashine hadi mashine pasipo mtu kubonyeza chochote. Blaster alibisha mlango nambari 135, akaingia, na kompyuta ikaanza kuhesabu sekunde 60 kisha ikajizima na kuwaka tena. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba ufa huo tangu mwezi wa Julai, lakini wengi hawakukiweka. Waliounganisha kompyuta moja kwa moja na mtandao waliumia. Waliokuwa nyuma ya ruta au fayawoli ya kifaa walipona, kwa maana mnyoo aligonga geti akarudi.

Hapo ungesema mjadala umekwisha, kifaa kimeshinda. Ngoja kidogo. Kulikuwa na ofisi zenye mageti ya bei ghali ambazo Blaster aliziingia vilevile. Aliingiaje? Mfanyakazi alienda na kipakatalishi chake nyumbani, akakiunganisha huko bila kinga, kikaambukizwa, na siku iliyofuata akakipitisha getini mkononi mwake. Geti la mtandao halikuona kitu. Mle ndani kompyuta nyingine zote zilikuwa zimelala milango wazi kwa kutegemea geti.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Aprili 2004, akaja mnyoo mwingine aitwaye Sasser, naye aligonga mlango nambari 445. Wanafunzi wenzangu, mnajua aliyemtengeneza ni nani? Kijana wa Kijerumani, Sven Jaschan, aliyekuwa na umri wa miaka 17, rika letu hasa! Alihukumiwa mwaka 2005 kifungo cha nje. Nadhani kipawa kama hicho kingefaa kujenga. Baada ya misukosuko hiyo, mwezi wa Agosti 2004 Microsoft ilitoa toleo jipya la XP ambalo fayawoli yake ilikuja ikiwa imewashwa, na tangu hapo Windows zote huja hivyo.

La tatu ni la mwaka 2017. Tarehe 12 Mei, programu ya kudai kikombozi iitwayo WannaCry ilipita katika mlango uleule wa 445 na kufunga faili za zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za Uingereza ziliwarudisha wagonjwa. Ilipoingia mashine moja ya ofisi, ilitambaa hadi jirani zake waliomo ndani ya geti lilelile. Kiraka kilikuwa kimetolewa tangu mwezi wa Machi.

Na la nne ni la vifaa vyenyewe. Mwaka 2016 programu iliyoitwa Mirai iliteka ruta na kamera nyingi duniani. Haikutumia ujanja mkubwa. Ilijaribu tu majina na maneno ya siri yanayotoka kiwandani, yale ya "admin" na "1234" ambayo wenye vifaa hawakuwahi kuyabadilisha. Jeshi hilo la vifaa lilitumwa tarehe 21 Oktoba 2016 kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Ama kweli, askari wa geti naye akinunuliwa, boma limekwisha.

Nikiwa na mafunzo hayo manne kichwani, nilianza kukagua nyumba yetu wenyewe.

Nyuma ya runinga yetu kuna kisanduku cheupe chenye taa za kijani, kilicholetwa na kampuni inayotuuzia intaneti. Hiyo ndiyo ruta. Nilifungua ukurasa wake wa mipangilio na nikakuta kwamba ina fayawoli, tena imewashwa. Fauka ya hayo, ruta za nyumbani hufanya kazi moja ambayo ni kinga bila kukusudia. Anwani za mtandao za aina ya zamani hazizidi bilioni 4.3, nazo hazitoshi vifaa vyote duniani. Kwa hivyo nyumba nzima hupewa anwani moja ya nje, na ndani kila kifaa hupata anwani ya faragha, mara nyingi inayoanza na 192.168. Ruta hukumbuka nani aliomba nini na kumpelekea jibu lake. Pakiti isiyoitwa inapofika, ruta haijui impelekee nani, basi huitupa. Kwa hiyo wengi wetu tuna askari wa geti tayari na hatujawahi hata kumsalimu.

Ila askari wetu alikuwa na kasoro. Neno lake la siri lilikuwa lilelile lililobandikwa kwenye kibandiko, na yeyote aliyewahi kuja kutazama mpira kwetu angeweza kulisoma. Nililibadilisha mbele ya Baba, akaliandika katika kitabu chake. Nilihakikisha kwamba ukurasa wa mipangilio haufunguliwi kutoka nje ya nyumba. Nilizima pia ile huduma inayoviruhusu vifaa vya ndani vijifungulie milango ya ruta bila kumwuliza mtu. Kisha nikaweka toleo jipya la programu ya ruta yenyewe. Kazi yote ilichukua muda wa kuchemsha maharagwe.

Nikahamia kwenye kipakatalishi. Fayawoli ya Windows ilikuwa imewashwa. Niliipa kazi ya ziada: iandike kila pakiti inayoikataa kwa siku tatu. Nilipolisoma daftari lake nilipigwa na butwaa. Karibu anwani zote zilikuwa za mle mle ndani ya nyumba yetu! Runinga ilikuwa ikiita, simu ya kaka yangu ikiita, printa ikiita. Hawakuwa wezi, vifaa huitana hivyo ili vijuane. Lakini funzo lilikuwa wazi. Vya nje ruta ilikuwa imekwisha kuvikata kabla havijafika. Vya ndani ruta havikuihusu, na aliyevizuia ni bawabu wa mlangoni. Kama simu ya mgeni wetu mmoja ingekuwa na ugonjwa, askari wa geti asingetufaa kitu.

Siku ya nne stima ikapotea mtaa mzima. Ruta ikazima taa zake. Mama alikuwa na hesabu za kumaliza, basi akafanya kile ambacho Wakenya wote hufanya: akawasha simu yake, akaigeuza kuwa waifai, akaunganisha kipakatalishi na kuendelea na kazi. Nilisimama nikamtazama. Wakati ule geti letu lilikuwa halipo kabisa. Hata lile la shilingi 38,000 lingekuwa limelala giza kando ya ruta. Kilichobaki kikilinda majina ya akina mama kumi na wanne ni ile programu ambayo hakuna aliyeilipia peke yake. Na Windows ilipomwuliza Mama huu ni mtandao wa nyumbani au wa watu wote, nilimwambia achague wa watu wote, maana hapo fayawoli hufunga milango mingi zaidi. Vivyo hivyo anapoenda na kipakatalishi kwa mwenyekiti siku za mikutano.

Hata hivyo sikutaka kumhukumu muuzaji kabla ya kumsikiliza. Nilimwomba Mama tukaenda dukani pamoja.

"Shikamoo, mzee," nilimsalimu.

"Marahaba, kijana. Mmekuja kuchukua mzigo?"

"Tumekuja kuuliza kwanza. Kipakatalishi chetu husafiri na Mama. Kifaa hiki kitamfuata?"

"Hapana. Chenyewe kinakaa nyumbani."

"Na stima ikipotea tukitumia simu?"

Alikuna kichwa. "Hapo pia hapana."

"Basi kinafanya nini ambacho ruta yetu haifanyi?"

Naye, kusema haki, alinijibu vizuri. Alieleza kwamba kifaa kile hakitazami anwani pekee. Hufungua pakiti na kutafuta dalili za mashambulizi yanayojulikana, huzuia tovuti mbaya, na hutenganisha mtandao wa wahasibu na wa wageni. Lakini ili kiendelee kujua mashambulizi mapya, lazima kilipiwe leseni kila mwaka. Mama aliposikia maneno "kila mwaka" alinikanyaga mguu taratibu. Tulimshukuru mzee yule, na bado namshukuru. Kwa ofisi yenye kompyuta ishirini na mtu wa kuisimamia mitambo, ningesema nunueni leo. Sisi tulikuwa na kipakatalishi kimoja na mwanafunzi mmoja anayerudi shuleni Jumatatu.

Mkutano wa chama ulifanyika kwetu. Mama alinisimamisha mbele ya watu wazima kumi na wanne, miguu ikinitetemeka kama ya ndama. Niliwaeleza habari ya geti na mlango. Niliwaambia vyote viwili tunavyo. Mama mmoja akageuka akakitazama kisanduku nyuma ya runinga. "Yaani hiki cha taa za kijani ndicho kimekuwa kikitulinda siku zote? Na mimi huwa nakifunika na kitambaa!" Wote wakaangua kicheko.

Lakini mwenye zamu ya Septemba, yule mwenye kuhitaji pesa kuliko wote, hakucheka. Ndiye aliyeuliza swali lililokuwa zito kuliko yote. "Kijana, mimi ndiye ningefaidika mkisema tusinunue, kwa hivyo wacha niulize mimi ili nisije nikalaumiwa. Yule mhazini wa mtaa wa pili, si naye alikuwa na kisanduku kama hiki? Na hiyo Windows si alikuwa nayo? Mbona aliibiwa?"

Chumba kilinyamaza. Nilikuwa nimelitarajia swali hilo, kwa sababu lilikuwa likininyima usingizi mimi mwenyewe. Juma moja kabla ya mkutano, Mama alikuwa amenipeleka kwa yule mhazini. Alitupokea kwa chai na akatusimulia bila kuficha. Alikuwa amepokea barua-pepe iliyojifanya ankara ya mahema waliyokodi kwa sherehe. Alibonyeza kiambatisho. Kioo kikamwuliza kama anakubali kiendeshwe, akakubali. Basi.

Niliwaeleza hivi: bawabu, awe wa geti au wa mlango, kazi yake ni kumzuia asiyeitwa. Mgeni uliyemshika mkono ukamwingiza mwenyewe sebuleni hamzuii, kwa sababu anadhani ni ndugu yako. Barua ile iliombwa na kompyuta yake mwenyewe kutoka kwenye sanduku lake la barua, kwa hivyo geti liliiruhusu kama jibu halali. Kifaa cha ghali pengine kingeitambua, pengine kisingeitambua. Ile fayawoli ya ndani nayo huweza kuzimwa na programu hasidi ikiwa mwenye kompyuta ameipa ruhusa zote. Mwizi aliyekwisha kuingia sebuleni hufungua komeo kwa ndani.

"Kwa hivyo tufanye nini?" akauliza.

"Tuwe na nakala," nikajibu. "Tununue diski ya nje. Kila baada ya mkutano Mama anakili hesabu, anaichomoa, na inaenda kulala kwa mwenyekiti. Diski iliyochomolewa haifikiwi na mwizi yeyote wa mtandaoni. Akituvamia, tutasikitika siku moja, lakini tutajua nani anadaiwa ngapi."

Mwenyekiti aliongeza jambo ambalo sikuwa nimelitaja. Alisema vitambulisho vya watu si mali ya mhazini, ni amana, na tangu Kenya ilipopitisha Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, anayeweka habari za watu anapaswa kuzilinda. Walipiga kura kwa kuinua mikono. Diski ilinunuliwa kwa shilingi 6,500, na wakachangishana pale pale ili mchango wa Septemba usiguswe. Mwenye zamu aliupokea wote. Nasikia binti yake alirudi shuleni siku ya kwanza ya muhula, pamoja na wenzake.

Nami ninasema nini kwenu, wasomaji wapenzi? Ninasema kwamba swali la "kifaa au programu" ni sawa na kumwuliza mtu achague geti au mlango. Anayekaa mahali pamoja na ana vifaa vingi nyumbani, geti litamfaa sana, kwa kuwa runinga na kamera haziwezi kuwekewa bawabu wao. Anayetembea na kompyuta yake, kutoka maktaba hadi kwa shangazi, mlango ndio rafiki yake wa kweli, maana huenda naye. Na kwa kuwa vyote viwili aghalabu vimekwisha lipiwa ndani ya ruta na ndani ya kompyuta, mwenye busara huviwasha vyote kabla ya kutoa senti nyingine.

Mnapofunga shule mwaka huu, fanyeni haya manne nyumbani kwenu. Mosi, badilisheni neno la siri la ruta lililotoka kiwandani. Pili, hakikisheni fayawoli ya kompyuta imewashwa, na mkiwa ugenini mwiambie mko katika mtandao wa watu wote. Tatu, msipuuze masasisho. Blaster na WannaCry waliingia kwa waliochelewesha kiraka, na Windows 10, ambayo bado imo katika kompyuta nyingi, ilifikia kikomo cha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Nne, wekeni nakala ya vitu msivyoweza kuvipata tena, kisha mchomoe hiyo diski! Na ile tabia yetu ya kupokezana flashi kama karanga katika maabara ya kompyuta nayo tuiache, kwa sababu flashi huingia mfukoni na kupita mageti yote duniani bila kubisha hodi.

Mwisho, ninawaachia wanachama wa Kiswahili kibarua. Fayawoli ni neno la kuazima na ukuta wa moto ni tafsiri inayomtisha bibi yangu. Alipolisikia aliuliza kama kompyuta inaungua. Wapo wasemao ngome. Mimi ningependekeza bawabu, lakini sina cheo cha kuwaamulia. Mwenye neno bora alilete kwa mhariri, nalo tutalitumia katika toleo la mwaka ujao, Mungu akipenda. Karatasi imeniishia. Wasalaam.